Bingwa wa Kupuliza

Iguguno,
14 Julai 2024

Kwako Rahma, msomi wa bweni,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, ila barua yako lazima itaanza na shikamoo, kwa hiyo naipokea mapema isije ikapotelea njiani.

Umefika Manyoni salama? Kidato cha Tano si mchezo, nasikia mnalishwa maharage mpaka mnaanza kuota majani. Pole. Kaka yako niliachia Kidato cha Pili makusudi, niliona maharage yanakuja.

Sasa habari za huku, na habari za huku ni mimi. Wamekuja watafiti wa pumu, wamepiga kambi kituo cha afya. Wanataka kujua watu wa vumbi kama sisi tutumie dawa kiasi gani ili tusibanwe. Wamepima vifua vya watu wengi, changu wamekipenda. Usicheke. Mkubwa wao, Dokta Laurian, ameniambia kwa mdomo wake: "Mrisho, wewe unatufaa sana." Wewe na Fizikia yako yote, kuna dokta amewahi kukwambia unamfaa?

Nimepewa pampu mbili. Ya kahawia ni ya kuzuia, naivuta asubuhi na jioni hata kama najisikia mzima. Ya bluu ni ya kuokoa, mtu akishabanwa. Halafu kuna kidude cha kupuliza, bomba la plastiki lenye mshale ubavuni. Unavuta pumzi, unabana midomo, unapuliza puu! mshale unapanda, unasoma namba, unawatumia kwa simu. Mwenye pumu mshale haupandi sana. Ukipanda vizuri kwa muda, wanakupunguzia dawa kidogo kidogo, waone kifua kinaweza kusimama chenyewe. Ndiyo utafiti wenyewe huo. Nimekufundisha bure.

Tena sikiliza. Yule opereta wa mashine ya kukamua alizeti ya Mzee Alute amehamia Kahama. Mzee anatafuta mwingine, na amesema mbele ya watu wote pale kinuni: "Wa kukaa na mashine yangu awe na kifua." Tumebaki wawili, mimi na Deo. Deo unamjua, anabeba gunia bega hili na bega hili halafu anapiga mluzi. Na mimi unajua wananiitaje. Mtoto wa Pampu.

Basi nikaenda na kidude changu kinuni. Nikasema, jamani, hiki ndicho kipimo cha kifua, cha kisayansi, anayejiamini aje. Deo akapuliza mpaka macho yakawa mekundu. Nikakifuta kwa shati, nikapuliza. Nimempita! Wakasema nirudie. Nimempita tena! Mzee Alute alikuwa amesimama mlangoni, akasema, "Kumbe." Hilo tu. Lakini kumbe moja ya Mzee Alute ni sawa na hotuba ya mkuu wa mkoa.

Barua hii nampa kondakta wa basi. Jibu upesi, simu mmenyang'anywa lakini mikono mmeachiwa.

Kaka yako,
Mrisho
Bingwa wa Kupuliza, Iguguno nzima


Manyoni,
28 Julai 2024

Kaka Mrisho,

Shikamoo. Hiyo ya pili, maana ya kwanza ulishaichukua bila ruhusa.

Barua yako imesomwa bweni zima. Editha wa kitanda cha juu anauliza kama umeoa. Nimemwambia una wake wawili, mmoja wa kahawia na mmoja wa bluu.

Mimi sijambo. Maharage ni kweli. Baridi ya asubuhi ni kweli. Hesabu zimenikalia kooni ila nazimeza.

Kuna kitu kimoja kinanisumbua, naomba usinikasirikie. Deo anabeba magunia mawili. Wewe mwaka jana ulimkimbiza jogoo wa Mama pale Kinyangiri, ukashika ukuta mpaka jogoo akarudi mwenyewe kukuangalia. Sasa umempitaje Deo? Kama ni dawa, basi ni dawa nzuri kuliko zote duniani, na mimi nitashukuru. Lakini wiki mbili tu?

Nyumbani nilikuwa nakisikia kifua chako kupitia ukutani. Kilikuwa kinalia kama mlango usiotiwa mafuta. Nilikuwa nahesabu hivyo vilio mpaka nalala. Hapa kuna kimya, na sijui kimya hiki ni kwa sababu umepona au ni kwa sababu niko mbali.

Unalala vizuri? Nijibu hilo, hayo mengine ongeza chumvi utakavyo.

Mdogo wako,
Rahma


Iguguno,
9 Agosti 2024

Kwako Rahma, mpelelezi,

Wivu huo. Mtu anashinda, badala ya kupigiwa vigelegele anaulizwa ameshindaje.

Haya, nitakwambia kwa kuwa uko mbali na Deo. Dunia ni akili. Kile kidude kinataka pumzi, sawa, lakini hakijui pumzi imetoka wapi. Ukipuliza kijinga kama Deo, unatoa tumboni, unachoka, mshale unapanda taratibu kama bibi anayepanda mlima. Mimi nabana ulimi mbele, najaza mashavu, naachia ghafla, tu! kama ninavyotema kokwa za ukwaju. Mshale unaruka wenyewe. Unakumbuka nilikuwa natema kokwa inavuka barabara? Kipaji hakiozi.

Na matokeo yake, keti chini kwanza. Sista Yasinta wa utafiti alinipigia simu. Akauliza, "Mrisho, unaamka usiku kwa kubanwa?" Nikamwambia, "Sista, mimi nalala kama gunia la mahindi." "Unaishiwa pumzi kazini?" "Sista, waulize wanaoshindana na mimi." Akacheka. Namba zangu zimewapendeza, wamenipunguzia ya kahawia. Sasa navuta nusu ya ile ya mwanzo. Maana yake serikali ya kifua changu imeanza kujitegemea.

Na la pili: MASHINE NI YANGU! Mzee Alute amenikabidhi Jumatatu. Mimi ndiye ninayewasha, mimi ndiye ninayezima, mimi ndiye ninayesema mbegu zipepetwe tena hizi zina mchanga. Mkulima ametoka Kinyangiri na trekta lake ananiita "fundi". Mama nimempigia, amelia kwa furaha, akasema sasa nimekuwa mtu. Kwani zamani nilikuwa nini, sikumuuliza.

Kazi ni nzuri, vumbi ni lile lile. Upepo wa mwezi huu unazichukua pumba zote za nje na kuziingiza ndani, kisha unarudi kuangalia kama zimefika. Ya bluu imekwisha mapema, nafikiri pampu yenyewe inavuja, vitu vya msaada ndivyo vilivyo. Nitaomba nyingine.

Nimeiacha barua hapo kidogo, nikaimalizia leo, usishangae wino kubadilika. Naandika nimekaa, nimeegemea magunia. Siku hizi napenda kukaa. Mtu mwenye cheo halali chali hovyo hovyo.

Mwambie Editha bado natafakari.

Kaka yako,
Fundi Mrisho


Manyoni,
17 Agosti 2024

Kaka,

Shikamoo. Leo sina utani.

Pampu haivuji. Umeimaliza wewe. Unalala umekaa kwa sababu ukilala chali unabanwa. Uliiacha barua kwa sababu ulichoka kuandika, wewe ambaye ukianza kusema hata adhana inakungoja. Nimeisoma mara nyingi, kila nikiirudia naona kitu kingine ulichokificha nyuma ya mzaha.

Nimemuuliza mwalimu wa Biolojia kuhusu kile kidude, bila kukutaja. Anasema hilo la ulimi linajulikana, ndiyo maana wanafundisha watu wasilifanye. Kile kinapima jinsi njia za hewa zilivyo wazi. Zikivimba na kubana, hewa haitoki kwa kasi, mshale unabaki chini, ndiyo wao wanajua unahitaji dawa. Wewe umewapelekea namba za mdomo. Kaka, dawa haikupunguzwa kwa ajili ya kifua chako. Imepunguzwa kwa ajili ya ulimi wako! Kifua chenyewe hakuna aliyekiuliza.

Nimemwomba matroni simu dakika moja tu. Amekataa, eti kila mtu hapa ana ndugu mgonjwa siku za jaribio. Nimempa barua hii dereva mwenyewe, siyo kondakta.

Ukiipata, usiende kinuni. Nenda kituo cha afya, mwambie Sista Yasinta yote. Mashine ya Mzee Alute itapata mtu mwingine. Mimi nikimpoteza kaka sipati mwingine, hata wa hovyo kama wewe.

Rahma


Iguguno,
25 Agosti 2024

Dada Rahma,

Salamu. Anayeandika ni Deo Nathanaeli, wa pale kinuni. Mwandiko wangu uusamehe.

Barua yako ilifika ila mwenyewe hakuwepo, nimempelekea alipo. Sikuifungua.

Alibanwa siku ya Ijumaa. Tulikuwa na mzigo mkubwa, upepo unavuma, akainama chini ya mashine kutoa pumba zilizoziba. Alipoinuka hakusimama sawasawa. Nikasema Mrisho kaa chini, akanionyesha mkono kwamba yuko sawa. Akatoa ile ya bluu akavuta, akavuta tena, ikawa inatoa upepo tu. Alitaka kunitukana, nikaona mdomo unatukana lakini sauti haiji. Hapo ndipo niliogopa. Mrisho kukosa la kusema!

Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani tukapata bodaboda. Nimebeba magunia mengi, dada, lakini gunia halikushiki shingo. Kituoni walimwekea hewa ya mtungi na ile mashine ya dawa ya mvuke, wakamchoma na sindano. Sista Yasinta hakutoka pale mpaka rangi ya midomo ya Mrisho ikarudi.

Sasa ni mzima. Anakaa, anakunywa uji, anaulalamikia uji. Mama yenu amefika kutoka Kinyangiri. Mrisho alinikataza nisikuandikie, ndiyo maana naandika haraka kabla hajapata nguvu za kunikataza vizuri.

Jambo la mwisho. Nilimwona anapuliza kwa ulimi tangu siku ya kwanza. Nilinyamaza. Nilidhani ni mchezo tu wa kugombea mashine, na mtu akishindwa mchezo akilalamika anaonekana mtoto. Nimemwambia Sista mwenyewe, sikusubiri Mrisho aseme. Unisamehe.

Deo


Kinyangiri,
3 Septemba 2024

Kwako Rahma,

Marahaba, marahaba, hata ile uliyoiandika kwa hasira.

Barua yako niliisomea kitandani na bomba la hewa puani. Ungeniona ungecheka, nilikuwa kama ng'ombe aliyetiwa kamba. Ulisema kweli yote. Sipendi kuliandika hilo kwa kuwa utalikata na kulibandika ukutani bwenini.

Nikueleze ilivyokuwa, maana Mama nimemwambia ilikuwa kizunguzungu. Hewa ilikuwepo, Rahma. Ilijaa tele, upepo unataka kung'oa mabati. Na mimi katikati ya upepo wote huo napata kijiko. Nakivuta kijiko kile, kinachofuata ni nusu. Nilikuwa namwona Deo ananiuliza kitu na nikawa najisemea moyoni, huyu pumzi anazo, anazitumia kuuliza maswali. Nilimwonea wivu kuliko siku zote.

Dokta Laurian alikuja kituoni kabla Mama hajanileta huku. Nilikwisha kujipanga kufukuzwa, nikamwambia mapema pampu zenu hizo hapo mezani, msijisumbue. Akavuta kigoda akakaa. Hakugomba, ingekuwa nafuu agombe. Akasema, "Mrisho, unajua tulichokuwa tunakaribia kufanya? Kuwaambia watu wote wa vinuni kwamba dawa kidogo inatosha. Kwa sababu wewe na nusu dozi ulikuwa unapuliza kama mwanariadha."

Nikacheka. Kisha nikamfikiria mtu asiyenijua, labda mama mmoja huko Mkiwa anayepepeta alizeti na mtoto mgongoni, anaambiwa punguza dawa, inatosha, wapo waliopona.

Nikamwuliza sasa mnafanyaje. Akasema namba zangu za nyuma wanaziweka kando, hazihesabiwi. Dawa imerudi kamili, tena na vidonge juu yake. Nikitaka kubaki nibaki, ila kuanzia sasa anataka namba mbaya. "Namba mbaya ndizo zinazotufundisha," akasema. Nikamjibu, "Dokta, hizo njoo na gari, nitakupakilia."

Sista Yasinta naye amenifundisha upya. Ananishika mashavu yasijae, kama mtoto anayenyweshwa dawa. Watu wanapita wanaona. Heshima imekwisha kabisa.

Mashine amepewa Deo. Sina kinyongo. Ninacho kidogo.

Mrisho


Manyoni,
14 Septemba 2024

Kaka Mrisho,

Shikamoo.

Sikulia. Nilikwenda tu nyuma ya maktaba nikakaa huko kidogo, Editha akaja akakaa na mimi bila kusema kitu, na kwa Editha hilo ni jambo kubwa.

Nilimkasirikia Deo siku moja. Kisha nikafikiria, na mimi nilisikia ule mlango ukilia miaka yote na sikuwahi kugonga ukutani kukuuliza, "Kaka, uko sawa?" Niliogopa utaona aibu. Sote tulikutunzia aibu yako vizuri kuliko tulivyokutunza wewe.

Kwa hiyo sasa naomba. Kila barua uniandikie ile namba, ya kweli, kama ilivyo. Hata ikiwa ndogo. Sitaisoma bwenini.

Na usirudi ndani ya kinu. Mama asikubembeleze wala Mzee Alute asikuite.

Rahma


Iguguno,
1 Oktoba 2024

Kwako Rahma, karani wa namba mbaya,

Leo asubuhi: mia mbili na tisini. Ya kweli, mashavu bapa. Najua ni ndogo. Wiki ile niliyotoka kituoni ilikuwa mia mbili na kumi, kwa hiyo hata wewe na Hesabu zako kooni unaweza kuona inakoelekea. Nalala chali.

Nimerudi kwa Mzee Alute, subiri, usinirushie kalamu. Sikuingia ndani. Napokea magunia kule nje kwenye mizani, upande upepo unakotokea, na kitambaa usoni kama jambazi. Wakulima bado wananiita fundi, siwasahihishi.

Sasa nikupe jambo ambalo nimekatazwa nisimwambie mtu. Wewe si mtu, wewe ni mdogo wangu.

Alhamisi Sista Yasinta alikuja kinuni na vidomo vipya vya karatasi vya kuchomeka kwenye kidude, kila mtu na chake, akasema anayetaka kupimwa apimwe. Wakasema, "Aanze bingwa!" Nikajua wanataka nini. Nikapuliza. Rahma, ni jambo moja kupuliza kweli mbele ya Sista, ni jambo jingine mbele ya wanaume waliokuita bingwa. Mshale ulikwenda kidogo, ukakaa. Mmoja akapiga mluzi. Wengine wakacheka, Deo akaangalia pembeni. Nikawaambia, "Chekeni, mnazo pumzi za kuchezea. Mimi nina pumu. Jina langu mnalijua toka zamani, Mtoto wa Pampu, sasa nimekua." Wakacheka tena, lakini cheko la safari hii lilikuwa langu.

Mzee Alute alisimama pale pale mlangoni. Hakusema kumbe.

Jioni, watu wametawanyika, akaniita stoo ya madumu ya mafuta. Akafunga mlango. Nikajua nimefukuzwa. Akasema, "Kile kidude unacho?" Nikampa na kidomo kipya. Akanigeuzia mgongo, akapuliza. Nikasikia ile sauti, tu! Mshale ukaruka juu kabisa.

Nikamwambia, "Shikamoo tena, Mzee. Lakini huo ni ulimi."

Akanigeukia. Nilidhani atanipiga kofi. Kumbe alikuwa amenichungulia siku zile nikishinda, akajifunza! Mzee mzima, mwenye kinu chake, mzee wa kanisa, amekaa mahali peke yake akifanya mazoezi ya kutema kokwa.

Nikamshika mashavu. Ndiyo, nilimshika, kama Sista alivyonishika. Nikasema, "Vuta mpaka mwisho, Mzee. Sasa toa yote, usiibakize." Akatoa. Mshale haukufika pangu. Haukufika hata karibu na pangu, Rahma. Na pumzi ilipokuwa inatoka mle kifuani ulisikika ule mlango wako usiotiwa mafuta.

Akakaa juu ya dumu, akauangalia mshale. Akasema, "Miaka yote nasema ni mafua ya vumbi." Baadaye sana akasema, "Unajua kwa nini natafuta kijana mwenye kifua? Mimi mwenyewe siwezi kuisogelea tena ile mashine. Naiendesha kwa macho tu, toka mlangoni."

Sikuwa na mzaha wa kumpa. Niliutafuta, haukuwepo.

Nikamwambia twende kwa Sista. Akakataa, watu wataona. Akasema dawa ni ya mtu aliyelala kitandani, mtu anayetembea akimeza dawa kila siku anauita ugonjwa kwa jina. Nikamwambia, "Mzee, mimi sikuuita, na ulinijia na bodaboda yake." Akasema atakwenda Jumatatu, kwa sharti niende naye, na niingie kwanza.

Jumatatu ilikuwa jana. Tulifika mapema, tukakaa kwenye benchi na akina mama na watoto. Alivaa koti. Wote waliopita walimwamkia shikamoo Mzee Alute, akawa anaitikia marahaba, marahaba, kila marahaba fupi kuliko iliyotangulia. Chini ya lile koti alikuwa amenishika mkono kwa nguvu, vidole vinauma mpaka leo.

Sista akaita jina lake. Hakuinuka. Akaita mara ya pili, watu wakaanza kugeuka. Nikasimama mimi, nikasema kwa sauti wote wasikie, "Sista, nianze mimi, huyu mzee amenisindikiza tu."

Akanyanyuka nyuma yangu, taratibu, tukaingia wote wawili.

Kaka yako,
Mrisho